SOYA NI YA KULA, NTA NDIYO YA MISHUMAA



Huu ni mwezi wa tatu tangu watu waanze kuja katika ofisi yetu hapa Kitale wakiuliza habari za mishumaa ya soya. Wanakuja akina mama wa vikundi, wanakuja vijana waliomaliza shule, na juzi alikuja mzee mmoja na mkoba wa soya begani, akauweka juu ya meza yangu kama ushahidi kortini. Wengine wametoka mbali, upande wa Bungoma: Naitiri, Ndalu, na hata Chwele. Wote wameona katika simu picha za mishumaa mizuri iliyomiminwa katika vikombe vya kioo, na maneno chini yake yakisema kwamba imetengenezwa kwa soya, na kwamba kazi yenyewe ni rahisi, mtu aweza kuifanya jikoni kwake Jumamosi moja. Basi swali lao ni hili: "Karani, sisi soya tunayo. Mbona tusitengeneze mishumaa?"

Mimi si Bwana Shamba. Kazi yangu ni kuandika barua, kuhesabu mifuko ya mbolea na kutunza majalada. Lakini kabla ya kuingia ofisini nilisomea ualimu, na aliyesomea ualimu haoni raha kuliacha swali lipite bila kulijibu. Tena ninayo sababu ya pili. Kosa ambalo nataka kuwakinga nalo nimelifanya mimi mwenyewe, na sikulifanya kwa fedha zangu.

Kwanza tuielewe hiyo soya. Punje ya soya ina mafuta kadiri ya sehemu 1 katika kila sehemu 5 za uzito wake. Ukiikamua unapata mafuta ya maji, ya rangi ya manjano, mafuta ya kukaangia. Hayagandi. Uyaweke nje usiku kucha katika baridi ya Kitale, asubuhi utayakuta yangali mafuta ya maji. Ili yawe magumu kama nta, hupelekwa kiwandani, yakatiwa katika chombo cha chuma kilichofungwa, yakapashwa moto, yakapitishiwa gesi ya haidrojeni kwa nguvu pamoja na unga wa madini ya nikeli. Ndiyo njia iliyotumika miaka mingi kugandisha mafuta meupe ya kupikia yale ya kopo. Si kazi ya jikoni, na gesi hiyo hulipuka. Kwa hiyo, yule anayesema katika simu kwamba mishumaa ya soya ni kazi rahisi hasemi uongo, ila anaanzia katikati. Yeye amekwisha kununua nta ya soya iliyotoka kiwandani, imekatwa vipande vidogo vyeupe, imetiwa katoni. Kwake kuna kuyeyusha tu na kumimina. Ninyi mnazo punje. Baina ya punje zenu na katoni ile kuna kiwanda kizima, na kiwanda hicho hakiko Kitale wala Bungoma.

Jambo hili sikulijua mwaka juzi. Kikundi kimoja cha akina mama katika skimu yetu, ambamo shangazi yangu ni mweka hazina, walikuwa wamevuna soya vizuri. Mimi nilikuwa nimesoma habari za mishumaa katika simu usiku mmoja, nikavutiwa. Jumapili nikaenda kwao nikawaonyesha picha. Niliwaambia kwamba soya inakuwa mshumaa, na mshumaa mmoja unauzwa mjini kwa bei ya kilo kadhaa za soya. Walinisikiliza kwa sababu mimi ni mtoto wao, na kwa sababu wananiita Mwalimu. Tulipogundua kwamba hatuwezi kugeuza soya yetu wenyewe, sikusimama hapo. Nikasema basi tuuze soya tununue nta. Waliuza magunia mawili waliyokuwa wameyaweka kwa ajili ya uji wa watoto na mbegu. Barua ya kuagiza katoni niliiandika kwa mkono wangu, pamoja na vikombe vya kioo, tambi za kununua, na chupa ndogo ya manukato.

Mishumaa ilitoka mizuri, sitaki kuidhulumu. Ilikuwa myeupe kama samli, nayo ilinukia. Lakini kikombe kiligharimu zaidi ya nta iliyokuwa ndani yake, na nauli ya matatu pia ikaingia. Tuliipeleka mjini Kitale, ikakaa katika kibanda cha mabati chenye jua la mchana. Nta ya soya huyeyuka kwenye joto la digrii 50 hivi, na kabla ya kufika hapo hulainika na kutoa jasho. Baada ya wiki mbili ile ya mbele ilikuwa imeinama tambi. Wanunuzi waliichukua, wakainusa, wakaisifu, wakairudisha. Wenye fedha ya manukato wako Nairobi, nao wana mafundi wao huko huko.

Shangazi hakunigombeza. Aliniita kando, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtoto wa kaka, tumeuza chakula, tukanunua kitu cha kunusa." Nimesikia wakubwa wengi wakinikemea ofisini, lakini hakuna aliyenipata kama yeye.

Sasa, ndugu zangu, sikilizeni jinsi mambo haya yalivyoanza huko yalikoanzia. Mshumaa wa soya si wa kale. Ulianzishwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mtu anayetajwa ni Michael Richards wa jimbo la Iowa. Iowa ni nchi ya mahindi na soya, kama vile Trans Nzoia ilivyo nchi ya mahindi na maziwa. Alikuwa akitafuta kitu cha bei nafuu kuliko nta ya nyuki, kwani nta ya nyuki ilikuwa ghali, na soya kwao imejaa maghala, na viwanda vya kuigandisha viko karibu. Alichukua kilichokuwa kingi mahali pake akakitumia badala ya kilichokuwa adimu.

Sisi tuliona mshumaa wake tukauiga. Hatukuiga fikira yake. Kwetu soya si nyingi hivyo, na yule anayeilima anaihitaji nyumbani. Na kile kitu cha ghali ambacho yeye alikuwa akikikimbia, sisi tunakimwaga nyuma ya jiko.

Nililiona jambo hili siku ile ile ya aibu. Nyuma ya jiko la shangazi, karibu na shimo la majivu, palikuwa na rundo la machicha ya masega. Mume wake ana mizinga ya magogo mitano katika miti ya mpakani, chini kuelekea mtoni. Akivuna huyakamua masega kwa mkono katika kitambaa, asali huenda katika chupa, na machicha hutupwa. Kuku huyachakura, siafu huyapanda, mvua huyachukua. Nikauliza, "Shangazi, haya huwa mnayafanya nini?" Akasema, "Tunayatupa. Yana kazi gani?"

Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi, tangu Kapsokwony mpaka Kiminini. Watu wa Mlima Elgon, Wasabaot na Waogiek, walikuwa mafundi wa nyuki kabla mzungu hajafika Kitale, na sisi wengine wa chini tulikuwa na mizinga yetu. Asali tunaijua thamani yake. Nta hatuijui. Wenzetu wa Tabora, nchini Tanzania, wamekuwa wakiiuza nta ng'ambo tangu siku za Wajerumani, na katika siku za Waingereza nta ya Tanganyika ilikuwa ikitajwa katika vitabu vya forodha pamoja na ngozi na kahawa. Wanakamua asali, na yale tunayoyatupa sisi wao wanayachemsha.

Nta ni kitu cha ajabu, na yafaa kujua inapatikanaje. Nyuki kijana huitoa tumboni mwake kwa vipande vyembamba, huitafuna, hujenga sega. Ili kutoa kilo 1 ya nta, nyuki hula asali kadiri ya kilo 6 mpaka 8. Kwa sababu hiyo ni upumbavu kuvunja masega machanga ili kupata nta tu, kwani utakuwa umetupa asali nyingi kupata kidogo. Nta ya mkulima ni ile ambayo imekwisha kufanya kazi yake, masega yaliyokamuliwa asali yake. Hiyo nyuki wamekwisha kuilipia.

Mwenye mzinga wa magogo, au mzinga ule wa Kenya wenye vijiti vya mbao juu, ambao ulitengenezwa miaka ya 1970 mwanzoni, hukata sega lote anapovuna. Huyu hupata nta nyingi, karibu kilo 1 kwa kila kilo 10 mpaka 15 za asali. Mwenye mzinga wa fremu, ule ambao Bwana Langstroth wa Marekani aliupatia hataza mwaka 1852, huizungusha asali katika mashine na kuwarudishia nyuki masega yao, kwa hiyo nta yake ni kidogo sana. Nimewasikia maofisa vijana wakiwacheka wazee wa magogo. Katika asali pengine wana haki. Katika nta, mzee ndiye tajiri.

Sasa nitaeleza jinsi ya kufanya, kama nilivyojifunza kwa kukosea mara nyingi katika jiko la shangazi.

Yakusanye machicha siku ile ile ya kuvuna. Usiyaweke wiki mbili katika gunia ukifikiri yatakungoja, kwani nondo wa nta hutaga mayai ndani yake, na siku ukifungua utakuta funza na utando kama wa buibui. Yaoshe kwanza kwa maji baridi ili asali iliyobaki itoke. (Maji hayo matamu msimwage ovyo karibu na mizinga, nyuki wataanza kupigana na kuibiana.) Kisha yatie machicha katika gunia safi la katani au kitambaa kizito, ulifunge mdomo, ulitumbukize katika sufuria kubwa la maji. Maji ya mvua ni bora kuliko maji ya kisima. Usitumie karai lililoshika kutu wala chungu cha chuma, kwa sababu nta itakuwa nyeusi. Sufuria ya alumini yafaa. Weka jiwe safi juu ya gunia ili lisielee, na vijiti chini yake ili lisiungue. Washa moto wa wastani. Nta huyeyuka kwenye joto la digrii 62 mpaka 64, yaani muda mrefu kabla maji hayajachemka, kwa hiyo haina haja ya moto mkali. Utaiona ikitoka katika gunia na kupanda juu ya maji kama mafuta ya mchuzi. Lifinye gunia kwa fimbo mbili mpaka lisitoe kitu.

Ondoa sufuria motoni, lifunike kwa magunia makavu lipoe polepole mpaka kesho yake. Asubuhi utakuta sahani ya manjano imeganda juu ya maji. Igeuze. Chini yake kuna uchafu wa rangi ya kahawia, ukwangue kwa kisu. Kama bado ina taka, iyeyushe mara ya pili uichuje kwa kitambaa cha pamba.

Katika jaribio letu la kwanza, machicha ya kiasi cha kilo 20 za asali yalitupa nta safi kilo 1 na nusu. Mshumaa wa gramu 100 ni mshumaa mnene wa kutosha. Basi hiyo ni mishumaa 15, kutoka katika rundo la kuku. Nilijaribu mmoja nyumbani kwangu kwa jioni nne, nikiandika saa kila nilipouwasha na kuuzima. Uliwaka saa 13.

Sasa utambi, na hapa ndipo wengi huharibu kazi. Utambi lazima uwe wa pamba tupu. Nyuzi nyingi zinazouzwa sokoni zimechanganywa na nailoni, nazo hazinyonyi nta. Ichome ncha ya uzi kwa kiberiti. Ukiungua na kuacha jivu laini na harufu ya karatasi, huo ni pamba. Ukijikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi, utupe. Suka nyuzi tatu pamoja kama nywele za msichana, zitumbukize katika nta ya moto, uzivute zinyooke, uzianike. Unene wa utambi hauna kanuni moja, hapana budi kujaribu. Ukiwa mwembamba mno, mwali huzama katika nta yake na kufa. Ukiwa mnene mno, hutoa moshi na masizi kama koroboi. Nta ya nyuki hutaka utambi mnene kidogo kuliko ule wa mshumaa wa duka. Sisi tulijaribu mara sita ndipo tukapata ule unaowaka bila kelele.

Kuyeyusha nta ya kumimina ni kwa njia moja tu. Itie katika kopo refu, na kopo uliweke ndani ya sufuria yenye maji, na sufuria ndiyo iwe juu ya moto. Narudia tena, nta isiguse moto, na kopo lisiwe juu ya makaa. Nta iliyopita kiasi cha joto hushika moto kama mafuta, na mtu akiimwagia maji mwali huruka mpaka darini. Ikishika, funika kwa kifuniko, uondoe makaa. Kazi hii ifanyike nje ya nyumba, si chini ya paa la nyasi, na watoto wawe mbali. Mwaka huo huo wa mishumaa ya soya mimi niliunguza nyusi zangu kwa sababu nilikuwa na haraka. Wafanyakazi wenzangu waliniita Mzee kwa mwezi mmoja.

Njia ya kale na isiyohitaji kununua kitu ni kuchovya. Funga tambi tano juu ya fimbo moja, ziachane kwa upana wa vidole vitatu. Zichovye katika kopo la nta, uzitoe upesi, uzitundike zipoe, kisha uchovye tena. Kila mara mshumaa huongezeka kidogo. Ikifika mara 25 au 30 utakuwa na mshumaa wa unene wa kidole gumba. Ukiziacha ndani kwa muda mrefu, nta uliyoweka mwanzo huyeyuka ikarudi kopo. Wasichana wawili wakipokezana fimbo wanaweza kumaliza mishumaa 20 katika alasiri moja huku wakizungumza. Anayetaka kumimina aweza kupasua kipande cha mwanzi mara mbili, akipake maji ya sabuni ndani, akifunge kwa kamba na kukiziba chini kwa udongo. Bila sabuni mshumaa hautoki. Nta ya nyuki hung'ang'ania.

Najua wapo watakaosema, "Karani, siku hizi kuna sola, na stima imefika mpaka skimu. Nani atanunua mshumaa?" Maneno yao ni ya kweli, wala sibishani nao. Mtoto anayesoma kwa mtihani asisome kwa mshumaa. Taa ndogo ya sola humpa mwanga mkubwa zaidi, haina moshi, na haiunguzi chandarua. Mshumaa uliosahauliwa umechoma nyumba nyingi na watoto ndani yake, na sitaki mtu aseme kwamba gazeti hili lilimwambia arudi nyuma. Lakini hata wenye stima hupotezewa na stima. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 nchi karibu nzima ilikaa gizani usiku mmoja, na usiku mdogo mdogo wa namna hiyo hapa kwetu ni mwingi bila gazeti kuandika. Siku hiyo duka la karibu humaliza mishumaa kabla ya saa mbili. Ile mishumaa ya duka hutengenezwa kwa nta ya petroli, tena huletwa kutoka mbali.

Kuna mnunuzi mwingine ambaye kikundi chetu hakikumfikiria hata siku moja tulipokuwa tukihangaika na manukato. Kanisa Katoliki tangu zamani hupenda nta ya nyuki kwa mishumaa ya altare, na zaidi ule mshumaa mkubwa wa Pasaka. Tuna jimbo la Bungoma tangu mwaka 1987 na jimbo la Kitale tangu mwaka 1998, na parokia ndani yake ni nyingi. Ndugu zetu wa Friends, ambao ni wengi sana katika Bungoma, hawawashi mishumaa katika ibada, kwa hiyo msiwaendee na kikapu mkitegemea kuuza. Mimi mwenyewe ni wa Friends, nacheka ninapoandika haya. Shangazi pia. Lakini fedha za mshumaa hazikumuuliza dhehebu.

Na hapa nitasema neno ambalo pengine litawashangaza baada ya maelezo yote haya. Si lazima mtengeneze mishumaa. Nta safi iliyoganda katika kibonge, bila taka, ina wanunuzi wake. Wanaihitaji wenye mizinga ya fremu kwa ajili ya karatasi za kuanzishia masega, wanaihitaji watengenezaji wa mafuta ya ngozi na rangi ya viatu. Kama mnunuzi wa kibonge analipa vizuri, mpeni kibonge, mlale. Kikundi kipige hesabu kwanza, kwa kalamu: kuni, uzi, saa za kazi, nauli. Hiyo hesabu sikuipiga mwaka juzi. Nilipiga hesabu ya bei ya mshumaa mjini, nikaiita faida.

Ila jambo moja nitalisimamia hata kwa Bwana Shamba. Msichanganye nta na mafuta ya ng'ombe wala nta ya duka ili iwe nyingi. Mnunuzi mzoefu huvunja kipande na kutazama ndani. Nta safi huvunjika kwa punje punje kama sukari guru. Akitafuna haimgandi menoni. Akigundua mchanganyiko mara moja, hatarudi skimu yenu, na atawaambia wenzake wa skimu nyingine.

Wazee wetu walipopewa namba zao katika skimu, tangu mpango wa Eka Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, eka 15 au 20 zilionekana nyingi. Leo zimegawanywa kwa wana, na wana wamewagawia wana wao, na shamba la mahindi halitoshi ada ya shule. Kwa sababu hiyo watu hukimbilia kila kitu kipya kinachosemwa katika simu. Siwalaumu, nami nilikimbia mbele yao. Mzinga hauli eka. Hukaa juu ya mti wa mpakani, mbali na njia ya watu na zizi la ng'ombe, na nyuki huenda kula maua ya mikaratusi ya jirani bila kuomba ruhusa.

Na soya iendelee kulimwa. Inautia udongo nguvu baada ya mahindi, uji wake unawajenga watoto, makapi yake yanafaa ng'ombe wa maziwa. Aliyevuna asiyauze magunia yote.

Kikundi cha shangazi sasa kimewaandikia wenye mizinga 11 wa skimu yetu wasitupe machicha. Mzee mmoja alikataa, akasema ni uchawi kukusanya takataka za mtu. Wengine wanaleta katika ndoo, na kila anayeleta hupimiwa kwa mizani na kuandikwa katika daftari, na daftari hilo naandika mimi, bure, mpaka deni la magunia mawili liishe. Limebaki gunia moja na robo.

Mwenye ujuzi zaidi katika kazi ya nta, hasa juu ya kuisafisha iwe nyeupe kwa jua, na amwandikie Mhariri. Na kama kuna aliye na matumizi ya vikombe vya kioo 34, visivyotumika, vipo katika kabati la ofisi yetu Kitale, nyuma ya majalada ya mwaka jana.